Inamsumbua Nani?

Swali ninaloulizwa zaidi hapa Amu, yaani Lamu, si kama mwanangu anaongea. Ni mbona simkanyi. Mashua inaingia kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, yeye kasimama gatini, mikono inampigapiga hewani, anaruka, sauti nyembamba inamtoka bila kukatika mpaka mashua ifungwe kamba. Mzee aliyekaa barazani hamtazami mtoto, ananitazama mimi. "Mwalimu, mbona humkanyi huyu?" Nami humjibu kwa swali: "Ami, imekusumbua?" Wengi hucheka. Mmoja alinijibu kwa dhati: haimsumbui hata kidogo, ila ananionea haya.

Nilimshukuru, kwa sababu alilitamka jambo ambalo wengi wetu wazazi wa watoto wenye usonji (autism) hulizunguka. Nguvu nyingi zinazotumiwa kuwazuia watoto hawa kupiga mikono, kujitikisa, kuzungusha vitu na kurudia maneno hazitoki kwenye shida ya mtoto. Zinatoka kwenye haya ya wakubwa. Na ukianza matibabu kwa ajili ya haya yako, utachagua tabia isiyofaa kuguswa, utaiacha inayomuumiza, na utamchosha mtoto bure.

Tabia zenyewe si jambo jipya lililogunduliwa juzi. Mwaka 1943, Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto katika Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliomshangaza. Mtoto wa kwanza katika maandishi yake, Donald, alipenda kuzungusha vyombo na kila kitu cha mviringo, na alikasirika mno ukimkatiza. Kanner aliona pia kwamba watoto hao hawakuvumilia mabadiliko: kitu kikihamishwa mahali pake, utaratibu ukivurugika, nyumba nzima haikaliki. Huyo Donald Triplett alikua, akafanya kazi benki katika mji wake wa Mississippi, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Nalitaja hilo kwa sababu kwangu mimi kuna vifuniko vya sufuria vinavyozunguka sakafuni kila siku Mungu aliyoileta, na kuna jamaa wanaoniambia kwamba mtoto wa vifuniko hana kesho.

Tangu mwaka 2013, mwongozo wanaoutumia madaktari wa akili wa Marekani unaziweka tabia hizi katika mafungu manne: mijongeo na maneno ya kujirudia, kung'ang'ania utaratibu uleule, mapenzi makubwa ya kitu kimoja, na hisia zilizozidi au kupungua, yaani mtoto kuziba masikio kwa sauti ambayo wewe huisikii, au kunusa kila anachopewa. Mwanangu anazo zote nne, ashukuriwe Mola, hatukunyimwa kitu. Hupiga mikono na kurudia maneno ya makondakta wa mashua. Hutaka njia moja tu ya kwenda chuoni, yaani madrasa. Vifuniko nimeshavitaja. Na kishindo cha matwari, zile ngoma za mkononi, wakati wa Maulidi humfanya ajifiche chini ya kitanda. Lakini kulikuwa na jambo la tano lililotutoa machozi nyumbani: kuuma mkono. Mgongo wa mkono wake wa kulia, chini ya kidole gumba, ulifanya sugu nyeusi, na juu ya sugu kidonda, na kidonda kikipona kinaumwa tena.

Hapo barazani hakuna aliyewahi kuniuliza juu ya ule mkono.

Nilipoanza kusoma, nilikutana na fani inayojulikana kwa herufi ABA, uchambuzi wa tabia, na historia yake ilinitia wasiwasi kabla haijanitia moyo. Jina kubwa ni Ivar Lovaas wa California. Mwaka 1987 alitoa matokeo ya watoto wadogo 19 waliofunzwa mmoja mmoja kwa takriban saa 40 kwa wiki, na akasema 9 kati yao waliingia darasa la kawaida la kwanza wakiwa na akili ya kawaida kwa vipimo. Wazazi dunia nzima walilishika hilo kwa mikono miwili. Yasiyosemwa sana ni kwamba watoto hawakugawanywa kwenye makundi kwa bahati nasibu, na kwamba ndani ya mbinu zile mlikuwa na kukemewa kwa sauti kali na mara nyingine kofi la paja. Wapo waliokwenda mbali zaidi miaka ile: mtoto aliyetikisa kichwa alilazimishwa kufanya mazoezi ya kichwa kwa amri, tena na tena, mpaka atambue kwamba kujitikisa kuna gharama.

Watoto wa zama hizo na za baadaye wamekuwa watu wazima, nao wanasema. Utafiti mmoja wa mwaka 2019, ulioongozwa na Steven Kapp, uliwahoji watu wazima 32 wenye usonji kuhusu mijongeo yao. Walieleza kwamba inawatuliza, inawasaidia kuhimili kelele na mawazo, na kwamba waliumia walipozuiwa au kuchekwa. Ndugu msomaji, mtu anayekuambia kwamba kupiga mikono ndiko kunakomfanya aweze kubaki chumbani, ukimfunga mikono umemtoa chumbani.

Kwa hiyo nyumbani kwetu tulikubaliana, mimi na mamake, kwamba tabia yoyote itaulizwa kwanza inamsumbua nani. Ikiwa inamuumiza mwenyewe, au inamzuia kupata kitu anachokitaka, au inamdhuru mwenzake kweli, tutaishughulikia. Ikiwa inawasumbua wapita njia, wapita njia wapite. Kupiga mikono gatini tukaliacha. Mkono tukauchukulia hatua.

Hatua ya kwanza haikuwa ya mbinu yoyote. Ilikuwa hospitali. Mtoto asiyeweza kusema "naumwa" atalisema kwa njia nyingine, na jino bovu, sikio, tumbo lililofunga au usingizi mbaya huweza kuzidisha tabia hizi ghafla. Daktari alimkuta na usaha sikioni. Mtoto huyu hushinda majini kila maji yakijaa. Dawa ya sikio ikapunguza kuuma mkono, lakini haikukumaliza.

Ndipo likaja daftari. Mamake ndiye mwenye mwandiko, akalichora safu tatu: kilichotokea kabla, alichofanya, kilichofuata baadaye. Hakuna kuandika "alikasirika tu" wala "shetani kampanda". Andika ulichokiona: nani alikuwepo, aliambiwa nini, kelele gani, baada ya kuuma alipata nini au aliepushwa na nini. Wataalamu wana njia kali zaidi ya kufanya hivi, iliyojengwa na Brian Iwata na wenzake mwaka 1982 walipochunguza watoto waliojiumiza, wakaonyesha kwamba tendo moja kwa macho linaweza kuwa na sababu tofauti kwa kila mtoto. Mmoja anatafuta kuangaliwa. Mwingine anataka kitu. Mwingine anakimbia kazi. Na kwa mwingine hakuna mtu wa kulaumiwa, tendo lenyewe ndilo tuzo, hulifanya hata akiwa peke yake. Mzazi hawezi kufanya majaribio yale sebuleni, na pale mtoto anapojiumiza vibaya asijaribu. Lakini daftari anaweza.

Daftari letu lilisema jambo ambalo hatukulitarajia. Nyumbani alikuwa akiuma mkono mara chache. Chuoni, mtaa wa Langoni, ndiko kulikojaa safu. Na kule chuoni, karibu kila mara, safu ya kwanza ilikuwa ileile: wenzake wanasoma wote kwa pamoja kwa sauti, naye ameambiwa arudie. Safu ya tatu nayo ileile: maalim anaogopa damu, anamtoa nje, anamkalisha chini ya mwembe. Mtoto alikuwa amejifunza vizuri kabisa. Alijifunza kwamba mlango wa kutokea ulikuwa kwenye meno yake.

Ukiliona hivyo, kumwambia "wacha!" ni kazi bure, maana hujampa mlango mwingine. Mwaka 1985, Edward Carr na Mark Durand waliandika juu ya kumfundisha mtoto njia ya mawasiliano inayoleta matokeo yaleyale yaliyokuwa yakiletwa na tabia mbaya. Ikiwa anajiumiza ili aachiwe kazi, mfundishe kuomba msaada au pumziko, na umpe papo hapo anapoomba. Siri yote iko katika hayo matokeo. Njia mpya isipokuwa rahisi kuliko ya zamani na haraka kuliko ya zamani, mtoto ana akili, hataihamia.

Nikaenda kwa maalim na kadi ya kadibodi, ukubwa wa kiganja, imechorwa mwembe.

"Maalim, akikupa hii, mwache atoke. Na akiuma mkono bila kutoa, msaidie kwanza kuitoa kadi, ndipo umtoe."

Aliigeuzageuza. "Na akiifanya mchezo? Watoto wana hila."

"Ataifanya, Maalim. Siku za mwanzo atatoka kila mara. Nakuomba umwache."

"Basi atasoma lini?"

Swali la haki. Nilimwambia tutamrejesha kidogo kidogo: kadi ikizoeleka, atasoma neno moja ndipo atoke, kisha aya fupi, kisha mbili. Maalim alinitazama kwa muda, akaitia ile kadi chini ya mkeka wake. Kumbe hakuwa na ubishi wowote juu ya mbinu. Alichohofia ni wazazi wengine kusema mtoto wangu anadekezwa. Haya tena, mara hii ya Maalim.

Lazima nieleze jambo moja ambalo wazazi huachia njiani. Tabia ikikosa matokeo iliyoyazoea, mara nyingi hupanda kabla haijashuka. Ni kama mtu anayepiga hodi nyumba aliyozoea kufunguliwa: usipoitika, huongeza sauti kwanza, haondoki. Kwetu kulikuwa na kipindi ambacho mamake alitaka tuache, maana sugu ilivuja tena. Ukikata tamaa hapo na kumpa alichotaka, umemfundisha kwamba kuuma kwa nguvu zaidi ndiko kunakofaa. Ndiyo maana kwa mtoto anayejiumiza sana, kipindi hicho si cha mzazi peke yake, awepo mtaalamu. Sisi tulivuka kwa sababu kadi ilikuwa inafanya kazi kila ilipotolewa. Sugu ya mkono bado ipo, lakini ni kavu, na sasa huuma tu akiwa mgonjwa au kukiwa na arusi ya ngoma jirani.

Njia ya chuoni ilikuwa kesi nyingine. Wasioijua Amu wafahamu kwamba vichochoro vyetu vingine wanaume wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Mwanangu hupita njia iitwayo Usita wa Mui, hukata penye ukuta fulani uliobambuka, hugusa mlango mmoja, husonga mbele. Siku punda aliyebeba saruji akiwa kaziba kichochoro, mzigo huku na huku unakwangua kuta, na mwenye punda kaingia dukani, mtoto hujitupa chini. Huwezi kumwambia tupite Usita wa Pwani kama unavyomwambia mtoto mwingine. Kwake, njia ile ikivunjika ni safari yote imevunjika.

Hapa tulitumia picha. Kule North Carolina kuna mpango uitwao TEACCH, ulioanza mwaka 1972 chini ya Eric Schopler, ambao umejengwa juu ya wazo kwamba watoto hawa hushika wanachokiona kuliko wanachoambiwa, hivyo siku yao ipangwe kwa picha. Nilichora ubao: nyumba, ukuta, mlango, chuo. Halafu nikachora punda. Mchoro wangu ulikuwa mbaya, mamake akasema ni mbuzi, lakini mwenyewe alimkubali. Tukaanza siku zisizo na punda yeyote: asubuhi namwekea punda badala ya ukuta, tunazunguka hatua chache tu, tunarudi kwenye mlango wake anaougusa, na mkononi mwangu ipo tende. Mabadiliko madogo, yaliyotangazwa mapema, yenye kitu kitamu mwishoni. Kisha mzunguko ukawa mrefu. Hatukuuondoa mlango. Kuugusa hakumdhuru mtu, na mwenye nyumba amezoea.

Ubao huohuo ndio uliotuokoa Ramadhani. Mwezi ule kila kitu huhama: chakula cha mchana hakipo, usiku kuna watu na taa, kuna daku. Watoto wengine hufurahi. Wa kwetu mwaka mmoja alikaa mlangoni akirudia "chai, chai, chai" mpaka magharibi, na hakuwa akiomba chai, maana akipewa haichukui. Alikuwa akiita asubuhi yake. Sasa Shaabani ikikaribia kuisha tunaweka picha ya mwezi, na kila siku moja tunahamisha kitu kimoja tu.

Vifuniko nitavisema kwa ufupi. Daftari lilionyesha huvizungusha akiwa peke yake, akiwa na watu, akiwa na furaha, akiwa na uchovu. Hiyo ni tabia inayojilipa yenyewe. Ipo mbinu ya kumkatiza mtoto kila anapoanza na kumwelekeza kwenye jambo jingine. William Ahearn na wenzake waliijaribu mwaka 2007 kwa watoto wanne waliorudia sauti na maneno, na ilipunguza. Inafanya kazi. Lakini inataka mtu mzima awe macho muda wote, na mimi sina mtu huyo, wala sioni anamwokoa mtoto na nini. Tulichofanya ni kuvipa vifuniko wakati na mahali: baada ya alasiri, kwenye kiwanda cha nyumba, yaani uani, na wakati wa kusoma vinapanda kabatini. Na kabla ya kusoma tunakwenda pwani akaogelee mpaka achoke. Tafiti za tangu mwanzo wa miaka ya 1980 zilionyesha watoto wenye usonji wakikimbia kidogo kabla ya somo, mijongeo hupungua kwa muda na usikivu hupanda. Hapa hatuna haja ya uwanja.

Huulizwa pia dawa. Mwaka 2009 huko Marekani walijaribu citalopram, dawa ya sonona, kwa watoto na vijana 149 wenye tabia hizi, wakitumaini itazipunguza. Haikushinda vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, na madhara yalikuwa mengi zaidi. Zipo dawa wanazopewa baadhi ya watoto kwa hasira kali na kujiumiza, na hilo ni la daktari. Lakini dawa ya kumkomesha mtoto kupiga mikono, hata ingekuwepo, ningeuliza swali langu lilelile.

Na kombe? Bibi yake alimwandikia, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, mtoto akanywa. Sikumzuia. Joseph Gona na wenzake walichapisha mwaka 2015 utafiti juu ya wazazi na wataalamu wa pwani yetu ya Kenya, na walikuta watu wakiutaja uchawi, mashetani na laana bega kwa bega na sababu za hospitali. Hiyo ndiyo hali yetu, mtu mmoja hubeba yote mawili bila kuona yamegongana. Nilichokataa ni mganga aliyetaka kumfungia ndani na moshi. Dua haimuumizi mtoto, moshi unamuumiza.

Wataalamu ni shida ya kweli, sitaipamba. Kutoka hapa uvuke Mokowe, upande basi, zaidi ya kilomita 200 mpaka Malindi, na mtoto wa utaratibu uleule ndani ya basi ni mtihani peke yake. Wazazi wengi wa visiwani hawana nauli ya kwenda mara kwa mara. Ndiyo maana nimefurahi kuona Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wenyewe, ya watoto wa miaka 2 hadi 9, yanayoweza kuendeshwa na watu wasio mabingwa: kucheza na mtoto, kusoma sababu ya tabia, kufundisha mawasiliano. Mengi ya niliyoyaandika hapa yangeweza kufundishwa barazani na mtu mmoja aliyepitia mafunzo hayo.

Kwa sasa tuna jambo jipya. Ameanza kufungua na kufunga makomeo ya milango ya watu, khasa mlango wa bibi mmoja jirani yetu, mjane, ambaye hushtuka kila komeo linapolia, na usiku mmoja alidhani ni mwizi. Hili linamsumbua mtu, na mtu huyo ana haki. Mamake amefungua ukurasa mpya wa daftari. Inavyoonekana ni ile sauti ya chuma anayoipenda, kwa hiyo nimefunga komeo kuukuu kwenye ubao na kuuweka kiwandani, karibu na vifuniko. Bibi jirani mwenyewe ndiye aliyetoa rai kwamba mtoto akipita saa kumi jioni, yeye akiwa macho, aruhusiwe mara tatu, kisha aonyeshwe picha ya nyumba. Tunaanza Jumamosi, akishaondoka mgeni wake wa Pate.